Kijana alizibwa tundu la moyo, sasa ana vinyama utumboni. Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Kijana wangu ana miaka 13, alizaliwa na tundu kwenye moyo, akapasuliwa Dar akiwa mdogo, na sasa anacheza mpira kama wenzake. Tatizo ni choo chenye damu nyekundu, bila maumivu. Ametibiwa minyoo, ikaja amiba, damu ipo palepale. Juzi kapimwa kwa kamera: vinyama vingi kwenye utumbo mpana. Daktari anataka kuvitoa, mama yake kagoma, anasema moyo ule hautahimili dawa ya usingizi. Je, haya mawili yana uhusiano?

Kijana_wa_Chamwino: Bawasiri hiyo mkuu. Kuna mzee huku anachemsha mizizi, siku tatu umesahau.

MamaAreaD: Kamera imeshaona vinyama, wewe unaleta mizizi! Mtoto anaishiwa damu.

Tabibu_Kongwa: Kinyama kimoja kwa mtoto kwa kawaida hakina neno. Vikifika vitano tunashuku ugonjwa wa kurithi, na jeni zinazojulikana ni SMAD4 na BMPR1A. Kuna watoto wanaozaliwa wamekosa kipande cha kromosomu ya 10 (uzi unaobeba jeni) chenye BMPR1A, na baadhi yao huwa na tundu la moyo. Kwa hiyo uhusiano upo, ila ni nadra. Wengi wenye tundu hawana vinyama kabisa. Kuviacha ndiko kubaya: damu inazidi kupungua na moyo unabeba mzigo, halafu ukubwani vinaweza kuzaa saratani. Nenda na faili lote la moyo, omba eko mpya (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti), daktari wa moyo na wa usingizi wazungumze kabla. Pale hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo Dodoma, madaktari wa moyo wapo. Kama anatumia aspirini au warfarini (dawa za kuzuia damu kuganda), usimwachishe mwenyewe. Vinyama vikitoka viende maabara. Halafu, hutokwa damu puani?

Mleta uzi: Sana tu! Tulijua ni vumbi na ukavu wa huku. Dada yake pia, na marehemu baba yangu.

Tabibu_Kongwa: Hilo mwambie daktari kabla ya yote. Hitilafu ya jeni ya SMAD4 huweza kuja na mishipa mibovu ya damu, puani hadi mapafuni, na wa usingizi lazima ajue. Dada naye achunguzwe. Na wewe mzee, kama ilitoka kwa baba yako, imepitia kwako.

Mleta uzi: Duh. Mimi nilitokwa sana utotoni. Mama yake nimemsomea, kakubali kwenda ila anataka amsikie daktari wa moyo kwanza.

MamaAreaD: Ana haki. Wakiwapa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar, msipande treni bila karatasi ya rufaa, bima watawazungusha.