Jino linacheza, lakini binti amekataa ling'oke mpaka mama yake arudi

Fundi Geti, Usa River (23 Oktoba)

Wakuu habari za usiku. Watoto wamelala, maharage ya kesho yanachemka jikoni, ndiyo nafasi yangu ya kuandika.

Nina binti wa miaka 6, yuko darasa la kwanza, na mdogo wake wa kiume wa miaka 3. Mama yao amerudi masomoni, anasomea ualimu Mbeya, anakuja likizo tu. Tangu mwezi wa tisa nyumba ni yangu: uji, sare, soksi zinazopotea mojamoja, nywele. Nywele zilinishinda wiki ya kwanza, tukanyoa. Mimi nachomelea mageti na madirisha, vidole hivi havikuumbiwa kusuka.

Sasa Jumatatu asubuhi namsimamia apige mswaki, nikamulika na tochi ya simu, nikaona kitu cheupe nyuma ya jino la mbele la chini, upande wa ulimi. Kama ncha ya punje ya mchele inachungulia kwenye ufizi. Jino la utoto bado liko mbele yake, linacheza kidogo ukilisukuma, lakini halina dalili ya kuaga. Nikajua mtoto wangu ameota mfupa. Siwafichi, chai sikuimaliza.

Bibi yao, yaani mama mkwe wangu, anakaa Tengeru. Alikuja jana na mkungu wa ndizi, akamwambia mtoto aachame, akasema hilo ni jino la ukubwani linatafuta njia, la zamani liondolewe leo hii kabla mtoto hajawa na meno ya safu mbili. Akaomba uzi. Nikaenda kuleta uzi. Kurudi, mtoto hayupo. Tulimkuta uvunguni kaziba mdomo kwa mikono miwili, na mdogo wake kalala ubavuni mwake naye kaziba mdomo, ingawa yeye hana jino lenye kesi yoyote.

Usiku ndiyo akaniambia. Siku tunamsindikiza mama yake stendi waliwekeana ahadi wawili wao: jino la kwanza likitoka, watalitupa pamoja juu ya bati. Mimi sikuwemo kwenye kikao hicho. Kwa hiyo jino haliruhusiwi kutoka mpaka mama arudi, na mama anarudi katikati ya Desemba.

Tangu hapo anatafuna kwa magego tu. Mswaki unalikwepa lile jino kama bodaboda aliyemwona trafiki. Makande, chakula anachokipenda kuliko vyote, amekataa katakata.

Naombeni ushauri kwa mwenye uzoefu. La nyuma litasubiri wiki saba au litaota kombo? Uzi wa bibi una ubaya? Na jambo jingine, mke wangu ni mzaliwa wa huku, meno yake yana rangi ya chai kama wenyeji wengi wa chini ya Mlima Meru. Mimi ni wa Muheza. Haya meno mapya yatakuja na rangi ya nani?

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Fundi, pole na hongera kwa pamoja. Nimelea sita wa kuzaa na wawili wa marehemu dada yangu, meno niliyoyaona yanatosha kujaza kibaba.

Uzi hauna dhambi kama jino limelegea mpaka linalala likiguswa na ulimi. Likiwa bado limeshika, uzi ni ukatili. Wangu wa tatu alifungwa uzi na kaka yake, ncha nyingine kwenye kitasa, wakawa wanahesabu moja mpaka kumi. Walipofika saba baba yao akafungua mlango akitoka kazini, hajui hili wala lile. Jino lilitoka, ndiyo. Lakini yule sasa ni mtu mzima ana watoto wake, na mlango ukibamizwa bado anashika shavu.

Kwenu Muheza mlikuwa mnasema maneno gani? Sisi tulisema, "Panya panya, chukua jino lako bovu, nipe langu zuri," halafu unarusha. Likiteremka tena chini unarudia mpaka likae. Mfundishe kabisa, asije akafika siku yenyewe hana maneno.

Mama mkwe mshukuru kwa ndizi. Uzi mwambie umekatika.

Fundi Geti, Usa River

Shikamoo Bi Mkubwa. Maneno ni hayohayo, ila sisi tuliambiwa usipolitupa juu ya paa jingine halioti kabisa. Nilikaa na hofu hiyo karibu mwaka mzima kwa sababu langu la pili nililimeza na embe.

Mama Wawili, Morogoro

Kaka, chochote utakachoamua, asing'olewe kwa papara. Nasema hivi kwa sababu ya mdogo wangu. Alipokuwa na miezi mitano alipata homa na kuharisha, jirani akapapasa fizi zake akasema ana meno ya plastiki. Wakampeleka kwa mtu akayachokoa kwa chuma. Kumbe vile vivimbe vyeupe ni machimbuko ya kawaida ya meno ya chonge, kila mtoto anazaliwa nayo. Homa ilikuwa na sababu zake nyingine, na siku mbili baadaye ilikuwa imezidi, akalazwa. Alipona. Sasa ana miaka 24, na chonge za chini hazikuota, si za utoto wala za ukubwani. Picha zote anacheka kafunga mdomo.

Najua la kwako ni tofauti kabisa. Lakini nikisikia "liondolewe leo hii" mwili unasisimka.

Chuma Chakavu

Jino moja la mtoto wa darasa la kwanza mnaitisha bunge. Sisi tulikuwa tunang'oana wenyewe nyuma ya choo cha shule na mpira unaendelea.

Tabibu wa Kinywa

Chuma, na mimi ndiye niliyekuja kuyatibu hayo ya nyuma ya choo.

Fundi, nafanya kazi kitengo cha meno hospitali ya wilaya, si huko kwenu. Ulichokiona sisi tunakiona karibu kila wiki. Meno ya mbele ya chini ya ukubwani hujengeka nyuma ya yale ya utoto, upande wa ulimi. Yanapopanda hula mzizi wa jino la utoto taratibu, ndiyo maana linaanza kucheza, na ukiliokota lililotoka lenyewe unaona limebaki kama kofia, mzizi haupo. Wakati mwingine jipya linapita pembeni, mzizi unabaki, basi yanasimama moja nyuma ya jingine. La mbele likiondoka na nafasi ikiwepo, ulimi wenyewe hulisukuma jipya mpaka kwenye mstari. Ni kazi ya miezi, usikae na rula.

Kwa kuwa la binti yako linacheza, subiri, ila asilikwepe. Alisukume kwa ulimi, ale vitu vya kutafuna, muwa, karoti, mahindi ya kuchoma. Ikipita miezi miwili mitatu hakuna mabadiliko, au la nyuma limepanda karibu lote na la mbele halitikisiki kabisa, mpeleke kwa daktari wa meno, atalitoa kwa ganzi kwa dakika chache. Likitoka lenyewe, aume kitambaa safi dakika 10 hadi 15, na siku hiyo asisukutue kwa nguvu.

Sasa nikuambie ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kubwa. Mulika tena, nyuma kabisa, baada ya gego la mwisho. Kwenye miaka 6 hivi huota magego ya kwanza ya ukubwani, manne, mawili chini na mawili juu. Hakuna jino linalotoka kuyapisha, kwa hiyo mzazi haoni pengo, hapigi hesabu, anadhani ni ya utoto. Yakitoboka anasema acha yatang'oka, yatakuja mengine. Hayaji. Meno ya utoto ni 20 tu na hayo hayamo kwenye hesabu. Nakutana na watoto wa miaka 9 ambao hilo gego limeshaoza mpaka kwenye fizi, na mama anashangaa kweli ninapomwambia ni la maisha. Kwa hiyo mswaki usimwachie peke yake. Apige, halafu wewe umalizie, mpaka afike miaka 8 hivi. Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere inatosha.

Kuhusu rangi, mama yake hatamrithisha meno ya kahawia, atakachomrithisha ni kisima. Ni floraidi ya kwenye maji ya ukanda huo. Inaingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, miaka ya mwanzo ya mtoto, si siku linapochomoza. La binti yako limeshakuwa lilivyokuwa. Mdogo wake ndiye bado unaweza kumsaidia. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kinga maji ya mvua, hayo kwa upande huu hayana shida. Na Ngurdoto, hapo hapo kwenu, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, wametumia sana mkaa wa mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo ukipata mahali pa kupima, pima. Halafu magadi. Magadi mengi ya kaskazini yana floraidi ya kutosha. Kama makande yako unayatia magadi, acha.

Fundi Geti, Usa River

Tabibu, asante sana, nimesoma mara mbili. Nimemulika. Chini kulia lipo, limetoka nusu, na lina kipande cha ndizi juu yake tangu sijui lini. Magadi tunatia kila Jumamosi, hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama mkwe. Kuanzia sasa basi.

Inabaki ile ahadi. Nimemweleza habari ya ulimi na muwa, amenisikiliza vizuri, kisha akasema, "Sawa, Desemba."

Mpemba wa Ruwi

Hayo ya meno wenye fani wameshayamaliza. Mimi niseme la ahadi.

Niko Muscat mwaka wa tano, naendesha gari la mizigo. Kijana wangu yuko Wete na mama yake. Jino lake la kwanza lilitoka nikiwa barabarani, nikaliona kwenye simu, damu kidogo na kicheko kingi. Alikuwa ameniahidi kulitupa na mimi. Basi mama yake akalifunga kwenye karatasi, akampa msafiri, likanifikia ndani ya mfuko wa karafuu. Nikatoka nje nilirushe. Jengo letu ghorofa sita, mkono wangu haufiki hata ya tatu. Liko kwenye pochi mpaka leo, pamoja na kitambulisho cha ukaazi. Kila nikipiga simu huniuliza kama bado lipo.

Fundi, sikiliza vizuri alichosema binti. Waliahidiana kulitupa pamoja. Kutoka hawakuahidiana. Jino linaweza kutoka leo likamsubiri mama kabatini, halina safari. Mwambie hivyo, halafu mwache mwenyewe aamue.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mwanangu wa Ruwi, Mungu akurudishe salama. Na hilo la kwenye pochi uje ulirushe Wete, paa zipo.

Fundi Geti, Usa River (9 Novemba)

Wakuu, nimerudi na taarifa.

Maneno ya Mpemba nilimwambia usiku uleule. Akanyamaza, akauliza kama jino likikaa kabatini linaoza. Nikasema halioti wala haliozi, linakaa tu. Akauliza kama panya hatakuja kulichukua kabla ya mama. Hapo nilikwama, nikasema panya wa juu ya bati na wa kabatini hawajuani. Akakubali.

Jana nikapika makande bila magadi. Jamani, magadi yalikuwa na kazi yake. Nililoweka usiku kucha, nikachemsha tangu asubuhi, mkaa debe zima, na bado mahindi yalikuwa yanajibu. Nikawaomba radhi. Dogo akatema. Dada yake akaendelea kutafuna kwa heshima, kijiko cha pili, cha tatu, kisha akatulia, akaingiza vidole mdomoni akatoa kitu, akakiweka ukingoni mwa sahani akidhani ni kokoto. Mimi ndiye niliyeona si kokoto.

Hakulia. Aliuma kitambaa, tukampigia mama yake kwa video. Mama akasema afungue mdomo, akafungua, wakaangaliana hivyo muda mrefu hakuna anayesema kitu, vocha inakwenda. Halafu mama akasema, "Usilitupe." Na yule akajibu kwa pengo, "Thilitupi."

Lile la nyuma limeshasogea kidogo, au mimi ndiye ninayetaka kuliona limesogea. Lina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Jino lenyewe liko kwenye boksi la kiberiti juu ya kabati, na njiti nimezihamishia kwenye kikombe. Mama mkwe alipopata habari ameuliza makande yalikuwa na nini.

Dogo amedai naye boksi lake. Nimempa. Analala nalo, tupu, na asubuhi analifungua kuangalia.