Naomba ushauri: napewa bidhaa bure ili niandike maoni, je, niendelee?

Mtulivu wa Usiku (mleta uzi)
Ndugu zangu, habari za majukumu. Kwa muda sasa nimekuwa nikipokea bidhaa bila malipo kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni, nami huandika maoni kwenye kurasa zinapouzwa. Ni vitu vya kawaida tu: taa ya mezani, mizani ya jikoni, nyaya za simu na vinginevyo vya aina hiyo. Tangu juzi, hata hivyo, moyo wangu hautulii, na ningependa kujua kama kuna ubaya wowote katika kupokea zawadi na kisha kutoa maoni juu yake. Naomba majibu ya hekima.

Mama Wawili
Mwanangu, mimi nitakujibu kama mnunuzi. Niliwahi kumnunulia binti yangu begi la shule kwa sababu tu lilikuwa na nyota tano nyingi kupita mengine yote, na mkanda wake ukang'oka wiki ya kwanza, ukiacha nyuzi zikining'inia mahali palipopaswa kushonwa mara mbili. Niliporudi kuyasoma yale maoni kwa utulivu, niligundua kwamba karibu yote yalisifu rangi na upesi wa kufikishiwa mzigo, wala hapakuwa na aliyesema amelitumia. Walioyaandika hawanijui, lakini mimi niliwaamini kama jirani zangu.

Kalamu Nyeupe
Ndugu mleta uzi, kupokea bidhaa ili uitathmini si kosa kwa lenyewe. Magazeti hupelekewa vitabu na vifaa tangu zamani, na msomaji anajua hivyo. Linaloleta shida ni kumficha msomaji, au kupangiwa cha kusema. Amazon, kwa mfano, ilipiga marufuku maoni ya kubadilishana na bidhaa (vitabu havikuguswa) mwezi Oktoba 2016, ikabakiza mpango wake wa Vine, ambamo kampuni yenyewe ndiyo huchagua watathmini, hailazimishi sifa, na kila maoni hubeba alama ya kuonyesha kwamba bidhaa ilitolewa bure. Kwa hiyo nakuuliza mambo matatu: je, unatanguliza fedha zako? Je, idadi ya nyota unapangiwa? Na juzi kulitokea nini?

Mtulivu wa Usiku
Nashukuru, mkuu. Ni kweli kwamba hununua kwanza kwa fedha zangu, na muuzaji hunirejeshea baada ya kumtumia picha ya maoni yangu yakiwa yameshachapishwa. Nyota huwa tano, ingawa maneno nachagua mwenyewe. Binafsi sioni kama nimemdhulumu mtu, kwa sababu vitu vingi ni vizuri, muuzaji mdogo naye anatafuta riziki, na bila maoni hakuna atakayemwona.

Fundi Waya
Umejibu mawili, la tatu umelipita. Juzi kulitokea nini?

Mtulivu wa Usiku
Ni chaja, fundi. Niliiacha kwenye soketi usiku, nikaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Upande wa pini umegeuka kahawia na kufura kidogo. Maoni ya nyota tano nilikuwa nimeshayaandika ila sijayatuma, na nisipoyatuma fedha zangu hazirudi. Inawezekana hii moja tu ndiyo mbovu, na nyingine ni nzima.

Fundi Waya
Usiichomeke tena, hata kwa kujaribu. Ndani ya chaja kuna upande wa umeme wa ukutani na upande wa umeme mdogo unaokwenda kwenye simu, na kinachozitenganisha ni nafasi na kizio tu, yaani kitu kisichopitisha umeme. Watengenezaji wanaobana gharama hubana hapo hapo, na kizio kikishindwa, umeme wa ukutani unaweza kufika kwenye simu iliyo mkononi mwa mtu. Moto ni hatari ya pili. Wewe harufu ilikuamsha. Atakayeinunua kwa kuamini nyota zako huenda asiamke.

Jicho la Tatu
Samahani, nina shaka. Akaunti ya mleta uzi ni mpya, kisa kinatoka vipande vipande, na nyuzi za namna hii nimeziona zikigeuka kuwa mlango wa kuwaingiza watu kwenye makundi ya wanaopewa bidhaa ili waandike maoni: mmoja analalamika, mwingine anauliza "hizo bidhaa zinapatikanaje", kisha kiungo kinawekwa. Naomba uthibitisho kabla hatujaendelea kushauri.

Mtulivu wa Usiku
Shaka yako naielewa, na kundi lenyewe sitalitaja hapa wala faraghani. Nitakueleza maagizo tunayopewa: tuitafute bidhaa kwa maneno badala ya kufuata kiungo, tusubiri siku kadhaa baada ya mzigo kufika, tuweke picha iliyopigwa nyumbani, na tusiandike kamwe neno "bure" wala "zawadi". Akaunti niliifungua upya kwa sababu wenzangu wa kundini wanaijua ile ya zamani.

Kalamu Nyeupe
Maagizo hayo yanatosha kunishawishi, na yanaonyesha kwamba muuzaji anajua anachokificha. Unanunua kwanza ili maoni yako yapate alama ya mnunuzi aliyethibitishwa. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza mfanyabiashara kulipia maoni kwa sharti kwamba yawe ya kusifu au ya kuponda, na adhabu inaweza kuzidi dola 50,000 kwa kila kosa. Uingereza nayo ilipiga marufuku maoni bandia kuanzia Aprili 2025. Makali hayo yanawalenga zaidi wafanyabiashara, lakini akaunti itakayofungwa ni yako.

Risiti ya chaja ina jina lako, kwa hiyo dai kurejeshewa fedha kupitia jukwaa la mauzo lenyewe kwa sababu ya bidhaa yenye hitilafu, ambatanisha picha ya pini, na utoe taarifa kwamba iliungua. Mazungumzo na muuzaji usiyafute.

Mtulivu wa Usiku
Dai nimelituma sasa hivi, na maoni ya chaja nimeyaandika upya kama ilivyotokea. Ya taa na mizani nadhani nitayaacha, kwa sababu vinafanya kazi vizuri.

Mama Wawili
Basi angalau ongeza sentensi ya kusema kwamba fedha ulirudishiwa.

Kalamu Nyeupe
Mama, kwenye jukwaa linalokataza mapatano haya, sentensi hiyo haitoshi, ayafute yote. Mizani naomba aanze nayo, kwa kuwa sidhani kama aliwahi kuilinganisha na nyingine.

Mtulivu wa Usiku
Sikuilinganisha. Nimeyafuta ya mizani. Ya taa bado nayatafakari.