Apgredi za mabawa na sakafu Formula 1: tuzifungie, tuziachie, au tupime upepo zinaouacha nyuma?

Mleta mada:

Wakuu, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, acha nilimwage hapa tulijadili. Mwaka 2022 Formula 1 walibadili umbo la gari karibu lote, wakarudisha yale mahandaki ya chini ya sakafu yanayoivuta gari ikae barabarani, na sababu waliyotupa ilikuwa moja tu, gari ya nyuma iweze kumfuata mwenzie. Walitoa hadi namba. Gari ya zamani ikiwa mita 10 nyuma ya nyingine ilikuwa inapoteza kama asilimia 46 ya mgandamizo wake (nguvu ya upepo inayoikandamiza gari barabarani), hii mpya wakasema itapoteza 18 tu. Na kweli mwanzoni tuliona, mtu anamganda mwenzie kona mbili tatu mfululizo wanabadilishana nafasi, raha tupu.

Sasa kumbuka ilivyokuwa 2024 na 2025. Dereva anasogea mpaka sekunde moja nyuma ya mwenzie, tairi zinachemka, mbele panaanza kuteleza, anaambiwa kwenye redio arudi nyuma apoze. Kanuni kwa sehemu kubwa zilikuwa zilezile, kilichobadilika ni apgredi, yaani vipande vipya ambavyo timu zinaongeza kwenye gari msimu ukiendelea. Angalia bawa la mbele pale pembeni linapokaribia tairi, vile vipande vidogo vilivyokunjwa kwenda nje. Kazi yake ni kuchukua upepo unaovurugwa na tairi na kuutupa pembeni, mbali na sakafu, ili sakafu yako ipate upepo mtulivu. Kwako ni faida ya wazi. Ila huo uchafu haujapotea, unaenda kumpiga anayekufuata, na hakuna kanuni uliyovunja hata moja. Mwamba ngoma huvutia kwake, siwalaumu wahandisi.

Hoja yangu ni hii: apgredi zisifungiwe, ila kipande kipya kipimwe pia kwa upepo kinaouacha nyuma. Leo FIA, shirikisho linalosimamia mchezo, wanapima ukubwa, umbo, na kama bawa linapinda. Kuanzia mbio za Hispania 2025 bawa la mbele likiwekewa mzigo wa kilo 100 halikutakiwa kushuka zaidi ya milimita 10, kabla ya hapo ilikuwa 15. Safi kabisa. Lakini kitu tulichoahidiwa 2022 chenyewe, ule upepo wa nyuma, hakina kipimo cha kisheria. Unaahidije kitu usichokipima?

Mchangiaji 1:

Mkuu naomba nikupinge kwa hoja. Kipimo kizuri ni kile unachoweza kukishika mkononi. Mbio za Austin 2023 madereva Hamilton na Leclerc walifutiwa matokeo kwa sababu ule ubao wa chini ya gari ulikuwa umelika kupita kiasi, unatakiwa usishuke chini ya milimita 9, wao ulishuka, habari ikaishia hapo. Upepo wewe utaupima na nini, kompyuta? Timu ya Ferrari walileta kifurushi kipya cha apgredi Hispania 2024, hesabu zote zilisema mambo mazuri, gari ikaanza kudunda kwenye kona za kasi wakabaki wiki kadhaa wanatafuta tatizo. Hao ni watu wanaoijua gari yao kuliko mtu yeyote na bado kompyuta iliwapotosha, sasa wewe unataka kompyuta hiyohiyo imwambie mtu kipande chako hakiruhusiwi? Kila mbio zitaishia kwa mawakili.

Mi nasema fungia tu. Kila timu vifurushi viwili kwa msimu, basi, mengine mwakani.

Mchangiaji 2:

Hapana hapana, kufungia ni kumlinda aliyeanza mbele. Timu ya McLaren 2023 walianza msimu wakiwa nyuma kabisa, wakaleta kifurushi Austria na gari ikawa nyingine, kile cha Miami 2024 dereva wao Norris akashinda mbio zake za kwanza, mwisho wa mwaka wakabeba ubingwa wa timu ambao hawakuwa wameushika tangu 1998. Hiyo ndo kazi ya apgredi. Na tayari kuna ngazi ya kusaidia walio chini, timu iliyomaliza ya kwanza inapewa asilimia 70 ya muda wa kawaida wa handaki la upepo (chumba cha kujaribia gari kwa upepo) na ya kumi inapewa 115, bajeti nayo ina kikomo. Acheni watu wafanye uhandisi. Mwaka 1978 timu ya Brabham waliweka feni nyuma ya gari inayonyonya hewa kutoka chini, dereva wao Lauda akashinda nayo Anderstorp, Sweden, gari ikaondolewa baada ya mbio hiyo moja na mpaka leo watu wanaizungumzia. Ubunifu ndo mchezo wenyewe.

Mleta mada:

Mchangiaji 2 kwenye kufungia tuko pamoja, mfano wa McLaren umemaliza kila kitu. Ila ngazi ya handaki la upepo inamsaidia wa mwisho kufika alipo wa kwanza. Akishafika pale nyuma yake akashindwa kumpita kwa sababu ya upepo, umemsaidia nini?

Mchangiaji 1, hoja ya kompyuta nakubali, umenibana na nimeiacha. Tupime barabarani. Wote tunaangalia mazoezi ya Ijumaa, si mnaona gari inatoka gereji imefungwa fremu kubwa kama uzio, ina vimirija vingi vimepangwa mistari? Vile vinasoma msukumo wa hewa. Au wanapulizia rangi ya kijani yenye mafuta kwenye bawa, gari inazunguka mara moja, ikirudi ile rangi imeganda kwa michirizi inayoonyesha upepo umepita wapi, na mafundi wanaipiga picha kwa karibu kabla hawajafuta. Timu wanajipima wenyewe kila wiki ya mbio! FIA wafunge fremu yao nyuma ya kila gari, vimirija vilevile, mwendo uleule, wachukue namba.

Na wasiseme haiwezekani. 2022 magari yalikuwa yanaruka juu chini kwenye mistari iliyonyooka, Baku Hamilton alishuka kwenye gari ameshika mgongo. FIA walifanya nini? Waliweka kikomo cha kudunda, wakakipima kwa vihisi vilivyomo kwenye gari, kikaanza kazi Ubelgiji mwaka huohuo, na 2023 kingo za sakafu zikainuliwa milimita 15. Timu zililalamika sana, kipimo kikabaki.

Mchangiaji 1:

Kudunda unakipima ndani ya gari yenyewe, ni mtetemo, namba haina ubishi. Fremu yako ikiwa nusu mita nyuma ya gari inaona upepo wa nusu mita. Anayefuata yuko mita 10 au 20, na huko upepo umeshajikunja na kupanda juu kwa namna nyingine. Gari inaweza kufaulu mtihani wako na bado ikamtesa wa nyuma. Halafu upepo wa asili ukivuma Ijumaa hiyo namba zote zinahama.

Mchangiaji 3:

Naongezea tu kuhusu kanuni za 2026. DRS, ile ya bawa la nyuma kufunguka ili kumsaidia anayefuata apite, imeondolewa, mabawa ya mbele na nyuma yote yanafunguka kwenye mstari ulionyooka, gari imekuwa nyembamba toka milimita 2000 hadi 1900, na nyuma ya tairi za mbele wameweka vibao vya kuuvuta upepo uingie ndani badala ya kutupwa nje. Yaani wameona tatizo lilelile la mleta mada, wamelitibu kwa umbo.

Mleta mada:

Hata 2022 walilitibu kwa umbo mkuu, ndo maana nakomaa. Umbo ni swali ambalo wahandisi mia kadhaa wanakesha kulijibu kivingine, na vibao vyenyewe viko mikononi mwa timu, kila mtu atachonga cha kwake mpaka kianze kufanya kazi ya kutupa nje.

Kuhusu mita 10, Mchangiaji 1 uko sahihi kwamba fremu ya karibu haioni kila kitu. Basi tupime pale kwenye maumivu: gari ya nyuma. Zile tairi, joto lake na mwendo wake kwenye kona tayari FIA wana data, chukua kona ileile, dereva akiwa peke yake na akiwa nyuma ya gari fulani, linganisha kwa msimu mzima. Timu ambayo kila anayeifuata anapungua mwendo kuliko akifuata wengine, apgredi yake inayofuata ikaguliwe kabla ya kufungwa. Niambieni hiyo ina tatizo gani.