Mrejesho: Baba na dawa ya mofini

Niliuliza kama mofini, dawa kali ya maumivu, itamharakishia baba kifo, maana saratani imeshafika kwenye mifupa. Asanteni sana mlionijibu. Daktari wa tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya mgonjwa mahututi) ametueleza kwamba dozi ikianza ndogo na kupandishwa taratibu kufuata maumivu, haimfupishii mgonjwa maisha. Baba anakunywa mofini ya maji kila baada ya saa 4, hata kama hasikii maumivu. Kusubiri yarudi ndiko kulikokuwa kunamtesa. Kusinzia kwa mwanzoni kumepungua. Choo kigumu ndicho hakiondoki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo anapewa kila siku, na nawasihi wenye wagonjwa msiiache. Vidonge vya kushusha lehemu (kolesteroli) vimesimamishwa, vilimchosha kumeza bila faida. Analala usiku sasa, Mungu ashukuriwe. Kichefuchefu bado kipo, ameongezewa haloperidol kidogo ya kukituliza.