Tamasha la maua Mwanza linauza GUGUMAJI kwenye mabeseni!! Waandaaji mjitokeze mjibu

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira mnivumilie kama maneno yatakuwa makali.

Leo tumetoka na washkaji tukachanga hela tukaenda kwenye lile tamasha la mimea na maua huku ufukweni mwa Ziwa Victoria, jina la waandaaji siweki ila waliokuwepo wanajua. Kiingilio elfu 5 kila mtu na risiti hupewi, tukaacha ipite maana tulitaka kupumzika. Ndani sikatai kulikuwa na watu wanajua kazi yao, kuna mama mmoja ana waridi na miche ya parachichi ya kubebesha, ukimuuliza anakueleza kuanzia udongo mpaka mbolea na hakulazimishi kununua. Yule apewe maua yake.

Sasa picha linaanza kwenye banda la mimea ya majini. Mabeseni yamepangwa vizuri, maji safi, majani yanang'aa, maua ya zambarau yamesimama juu, kikaratasi kimeandikwa "ua la bwawa elfu 10". Watu wamejaa wanapiga selfi. Kwenye kundi letu kuna mwana kakulia Ukerewe, baba yake mvuvi, akainama akashika lile shina lililovimba akaliminya, akageuka akatuambia hili si gugumaji hili? Wote tukasogea. Ni gugumaji wakuu, gugu lilelile linaloelea ziwani na kufunga mialo wanapotia nanga wavuvi, limeoshwa likawekwa kwenye beseni.

Tukamuuliza muuzaji kaka hili umelitoa wapi, anajibu bila wasiwasi kwamba ameliopoa hapohapo ziwani, lipo kibao, linasafisha maji, na nyie kama hamnunui pisheni wateja. Yaani kitu ambacho wavuvi wanaamka alfajiri kukivuta kwa mikono ili mtumbwi upite, mwingine anakiuzia watu elfu 10 mita chache kutoka kwenye ziwa lenyewe!

Na kabla hamjaniambia "si tayari lipo ziwani, shida iko wapi", ngoja niwaeleze shida ilipo. Waliokuwa wananunua si watu wa Mwanza tu. Mbele yetu kulikuwa na mama anatoka upande wa Maswa, amebeba mawili, anasema anapeleka nyumbani, kuna lambo karibu anataka kuona kama litaota na kule. LAMBO jamani. Mnaojua Usukumani mnaelewa lambo ni nini, ng'ombe wanakunywa hapo, watu wanachota hapo, kiangazi kikikaza hakuna maji mengine. Hili dude likipata joto na maji yenye rutuba linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi, linafunika juu mwanga haupiti, hewa ndani ya maji inakwisha, samaki wanakufa, na maji yenyewe linayapoteza haraka kuliko lambo lililo wazi. Halafu likitoa mbegu zinazama kwenye tope na zinaweza kukaa humo zaidi ya miaka 15 bado zinaota. Ziwa ni kubwa, upepo unalisukuma kutoka ghuba hii kwenda ile, lambo la kijiji litalisukuma wapi?

Tulimwambia yule mama taratibu, shikamoo mama, hilo si ua la kupeleka lamboni. Alishtuka kwa kweli. Akarudi kudai hela yake, akaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hapo ndipo mimi damu ilichemka.

Tukamfuata mtu wa kamati mwenye kitambulisho shingoni, anatuambia wao wanakodisha mabanda tu, kila mfanyabiashara anajua anachouza. Hapana mzee. Umechukua hela ya banda, umechukua kiingilio, umetangaza tamasha la mimea, halafu hujui mmea gani unaingia getini kwako? Nchi hii ina mamlaka kabisa ya afya ya mimea, TPHPA, imeundwa kwa sheria ya 2020, waandaaji walishindwa nini kumwomba mtaalamu mmoja apite kwenye mabanda asubuhi kabla geti halijafunguliwa?

Na hili gugu lenyewe kwao ni Amerika Kusini. Huku lilifika kwa sababu hiihii ya uzuri wa ua, wakoloni walilipanda kama pambo kule Rwanda, likashuka na mto Kagera mpaka likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 80. Muulizeni mzee yeyote wa Kirumba au Igombe miaka ya 90 ilikuwaje, injini zinazimika pangaboi limesokotwa na mizizi, nyavu zinaburutwa na kisiwa cha majani, konokono wa kichocho wamejificha humohumo. Ikabidi waletwe fukusi maalumu wanaolila, wakafugwa wakamwagwa ziwani, na pamoja na hayo yote halijaisha mpaka leo. Sasa sisi tunalifungia kwenye mfuko tunampa mtu aende nalo kwao!

Yule kijana muuzaji simlaumu sana, anatafuta riziki na huenda kweli hajui. Kamati ndiyo naidai, maana tuliwaambia mchana kweupe na mpaka tunaondoka banda bado linauza.

Kama wewe au ndugu yako mmenunua leo, tafadhali msilimwage ziwani wala kwenye mtaro, mitaro ya Mabatini inaingia mto Mirongo na Mirongo inaingia ziwani. Litoe kwenye maji na mizizi yake yote, lianike juani kwenye sakafu ya saruji mpaka likauke kabisa, kisha choma. Kata hilo ua kabla halijatoa mbegu. Na yale maji ya beseni mwaga kwenye udongo mkavu mbali na mfereji.

Waandaaji najua mpo humu, mlipost tangazo lenu humuhumu. Semeni yameuzwa mabeseni mangapi, yameelekea wilaya zipi, na yule mama wa Maswa hela yake anarudishiwa lini.