Kutunza Sanamu ya Askari na bustani yake

Swali: Habari zenu, wakuu. Kikundi chetu cha kujitolea hapa Dar es Salaam kinakusudia kusaidia kuitunza Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na bustani iliyo chini yake. Je, ule utando wa kijani kwenye shaba usuguliwe?

Jibu: Ndugu, msiusugue. Brashi ya waya, mchanga na limau huichubua shaba, na kilichochubuka hakirudi. Ombeni kwanza kibali cha halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale. Mkiruhusiwa, tumieni maji safi, sabuni isiyo kali na brashi laini.

Jibu: Naongezea kuhusu bustani: visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na chumvi hula shaba, kwa hiyo mwagilieni kwenye mashina tu. Miti yenye mizizi mikubwa isipandwe karibu na msingi.

Jibu: Nashukuru mmewataja wapagazi. Wengi wao waliuawa na maradhi, si risasi, na Kariakoo imepata jina kutokana na kikosi chao. Wanafunzi watakaokuja kupalilia waelezwe hayo.