Mgonjwa wa magongo: kanula kiganjani, kiwikoni au kigashani?

nesi_wa_zamu: Wakuu wa wadi ya mifupa nisaidieni. Mama wa watu kabadilishiwa nyonga jana, kesho fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) anamsimamisha na woka (fremu ya kushikia akitembea), na kanula (kimrija cha kupitishia dawa mshipani) aliyotoka nayo thieta iko nyuma ya kiganja, kila akishika kitu kifundo cha mkono kinakunjika dripu inasimama. Nihamishie kiwikoni? Mshipa wa pale unaonekana hata gizani.

MzeeWaMifupa: Kiwiko usiguse labda iwe dharura. Akikunja tu mkono kanula inajikunja nayo, pampu inalia usiku kucha, halafu dawa inavujia nje ya mshipa mkono unavimba. Kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ndo mpango mzima, mfupa wa pale unaishikilia kanula kama banzi. Mguuni ndo usifikirie kabisa, mtu mzima aliyetoka kufanyiwa nyonga tayari yuko kwenye hatari ya damu kuganda.

sista_T: Naunga mkono kigasha ila muulize fizio kwanza anampa kifaa gani!! Kuna woka za kuegemeza kigasha, wanapewa wenye vidole vibovu au kifundo cha mkono kilichovunjika, hapo kanula ya kigashani inakandamizwa kila hatua. Mimi niliweka vizuri kabisa nikajisifu, asubuhi nakuta plasta imelowa damu.

nesi_wa_zamu: Duh hilo sikuwaza. Huyu ni woka ya kawaida ya kushika.

MzeeWaMifupa: Basi kigasha, mkono asioutumia sana, kanula ya pinki inatosha, ya kijani ni nene zaidi, mwachie anayeongezwa damu nyingi haraka. Na akienda kutembea chomoa dripu, flashi na salaini (sukuma maji ya chumvi kwenye kanula), funga, asiburute stendi huku ameshika woka, mikono mitatu hana.

kijana_fama: Na wale wa usaha kwenye mfupa, wiki sita za antibayotiki? Si bora piki laini (mrija mrefu wa mshipani unaokaa wiki nyingi) moja kwa moja?

sista_T: Piki inakaa juu ya kiwiko, na magongo ya kwapani yanasugua hukohuko, hivyo omba magongo ya kushika mkononi. Ila uliza pia kama sindano inahitajika muda wote huo, utafiti wa OVIVA wa Uingereza uliotoka 2019 ulionyesha vidonge haviko nyuma ya sindano kwa wengi wao, mradi dawa ichaguliwe na wanaojua.

nesi_wa_zamu: Mrejesho: pinki, kigasha cha kushoto, mshipa nimeupata mara ya pili. Kaenda hadi mlangoni karudi, pampu kimya.